Kabla Hujalipa Ada ya Kijiko, Uliza Saa za Injini

Mwaka jana mwezi wa tatu, usiku wa kuamkia jaribio la saikolojia ya elimu, mdogo wangu alinitumia ujumbe. "Dada shikamoo. Nimepata namba ya chuo cha vijiko. Wiki tatu tu unatoka na cheti, halafu wanakutafutia kazi. Mama amekubali kuuza mpunga. Wewe unasemaje?"

Kijiko, kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa karibu na barabara inayojengwa, ni ule mtambo wenye mkono mrefu unaochimba, yaani eskaveta. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa. Kidato cha nne alipata division four ya pointi 28, na kijijini kwetu Mbarali hiyo maana yake ni kwamba kila mtu ana ushauri wa kumpa isipokuwa yeye mwenyewe. Mimi ndiye niliye chuo kikuu. Tena nasomea ualimu. Basi neno langu nyumbani lina uzito kuliko linavyostahili. Nilijibu kwa sekunde kama thelathini hivi: "Cheti ni cheti dogo, nenda." Nikarudi kwenye msuli wangu wa Piaget.

Magunia manne ya mpunga yaliuzwa kwa ajili ya jibu lile.

Naandika haya kwa sababu najua si mimi peke yangu. Humu hosteli kila mtu ana mdogo wake, binamu au rafiki wa mtaani aliyeiona reli ya SGR ikijengwa, akasikia habari za bwawa la Rufiji na bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, akasema na mimi nataka kuwa opereta. Ndoto hiyo si mbaya hata kidogo. Nchi inachimbwa, inashindiliwa na kumwagwa lami kila kona, na mtambo haujiendeshi. Ubaya ni kwamba anayeulizwa njia ni sisi, na wengi wetu hatuijui.

Chuo alichokwenda mdogo wangu sitakitaja. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja na kijiko kimoja, siku za masomo kumi na tano. Nusu ya siku walikaa darasani, wakinakili kutoka ubaoni majina ya sehemu za injini. Mazoezi yalitegemea dizeli, na dizeli ilikuwa ya saa mbili kwa siku. Fanya hesabu na mimi: siku 15 mara saa 2 ni saa 30 za injini kuwaka. Gawa kwa watu 11. Kila mmoja amepata kama saa mbili na dakika 43. Hapo tunadhani kwamba hakukuwa na siku ya mvua, wala mtoto wa mwenye chuo aliyekalia kiti kuliko wenzake.

Sisi tunaosomea ualimu tukirudi kutoka BTP huwa tunalalamika kwamba wiki zile za mazoezi hazikutosha hata kulijua darasa. Mwalimu akikosea, kipindi kinaharibika na kesho anarudia. Huyu wa saa mbili na dakika 43 alikuwa anakabidhiwa kitu cha tani ishirini chenye watu wanaotembea pembeni yake.

Alipomaliza alipewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Kazi ya kutafutiwa haikuonekana, akatafuta mwenyewe, na mjomba mmoja akamfikisha kwenye saiti ya barabara ya changarawe. Fomeni hakukiangalia cheti. Alimwambia: "Zunguka mtambo, uniambie kama uko salama kuwashwa." Dogo akazunguka, akarudi, akasema uko safi. Hakuwa amechungulia oili. Hakuona kwamba pini moja ya baketi ilikuwa imeanza kutoka. Fomeni akanyamaza, akamwambia apande achimbe mtaro mfupi.

Hapo ndipo kuna somo ambalo na mimi nimelijua kwa kumhoji yeye. Kijiko kina leva mbili za mikono. Katika mpangilio mmoja, leva ya kushoto inazungusha kichwa na kusogeza mkono mdogo, na ya kulia inanyanyua mkono mkubwa na kukunja baketi. Upo mpangilio mwingine, unaokutwa zaidi kwenye mitambo yenye asili ya bakho, ambapo mkono mkubwa unahamia leva ya kushoto na mkono mdogo unakwenda kulia. Mtambo wa chuoni ulikuwa wa aina ya kwanza, wa saiti ulikuwa wa aina ya pili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aina ni mbili. Alivuta leva ya kushoto akitaka mkono mdogo uje kwake. Badala yake mkono mkubwa ukapanda kwa kishindo, mtambo ukayumba, kibarua mmoja aliyekuwa karibu akatupa koleo na kukimbia.

Fomeni akamwambia, "Zima. Shuka taratibu, mdogo wangu. Hujakosea wewe, amekosea aliyekupa ile karatasi."

Nimelifikiria sana neno la yule mzee. Darasani tunafundishwa mambo ya umahiri, kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, na kweli tunayaandika vizuri kwenye mtihani. Yeye alipima kwa dakika kumi, bila karatasi, kwa swali moja la kuzunguka mtambo.

Basi opereta anatakiwa kujua nini? Watu wanadhani ni kucheza na leva. Leva ni sehemu, na mikono huzizoea kwa kurudiarudia. Lakini kabla ya kuwasha kuna kukagua: oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya haidroliki, mipira inayovuja, minyororo iliyolegea, pini, meno ya baketi, honi, king'ora cha kurudi nyuma, mkanda wa kiti. Kuna kupiga grisi kila siku bila kuruka kifundo. Kuna kupanda na kushuka ukiutazama mtambo, viungo vitatu vikiwa vimeshika muda wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Ukiona mtu anaruka kutoka kwenye kabati ya mtambo kama anashuka bodaboda, huyo hakufundishwa.

Halafu kuna kusoma ardhi, na sehemu hii ndiyo inayochukua muda. Udongo uliochimbuliwa unavimba. Shimo la mita za ujazo kumi halijazi tipa la mita za ujazo kumi, linalizidi. Udongo huo ukirundikwa ukingoni mwa mtaro, uzito wake unaweza kuangusha ukuta juu ya aliye ndani. Mfinyanzi uliolowa na kichanga kikavu havichimbwi kwa mteremko mmoja. Juu kuna nyaya za umeme, chini kuna bomba la maji ambalo hakuna aliyekumbuka kulichora kwenye ramani. Wa kreni naye ana jedwali lake, na hapo ile fizikia ya kidato cha pili tuliyoikimbia inarudi. Tani 8 zikiwa mita 4 kutoka kitovu zinavuta kama tani 32 kwenye umbali wa mita moja. Sogeza mzigo ule ule hadi mita 8, tayari ni 64. Uzito wa mzigo haujabadilika, ila kreni inaweza kupinduka. Opereta asiyeweza kulisoma jedwali lile hafai hata awe na mikono laini namna gani.

Na mitambo haifanani. Shindilio utalizoea mapema. Greda ndiyo inayoheshimiwa saiti, kwa sababu lile bapa lake linatakiwa kufuata vigingi vya wapimaji kwa usahihi wa sentimita huku mtambo ukitembea, na maoperata wa greda wenyewe watakwambia ni kazi ya kujifunza kwa miaka. Kwa hiyo mtu akikwambia "nafundisha mitambo yote kwa mwezi mmoja", kijiko, greda, buldoza, kreni na folklifti, mshukuru na uondoke.

Tuje kwenye njia zenyewe. Baada ya aibu ile nilitumia likizo yangu kuuliza, kwa simu na kwa miguu.

Ya kwanza ni VETA. Mamlaka hii imekuwepo tangu sheria ya 1994 na ndiyo watu wengi wanaifahamu, lakini wengi wanadhani kila chuo cha VETA kinafundisha kila kitu. Si kweli. Kuendesha mitambo mizito ni fani inayohitaji vifaa vya gharama, na vyuo vyenye mitambo ni vichache. Uliza ofisi ya VETA ya mkoa wako ni chuo gani kina mitambo inayowaka leo. Nasisitiza leo, kwa sababu mtambo mbovu nao huorodheshwa. Kuna kozi ndefu zinazokupa Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na kuna kozi fupi. Kozi fupi si uongo kwa sababu ni fupi. Dereva wa lori wa miaka kumi anayetaka kujua kijiko anaweza kufaidika nayo kabisa, kwa kuwa macho yake yameshazoea kitu kikubwa. Kijana aliyetoka kidato cha nne ambaye hajawahi hata kushika usukani wa trekta ni mtu mwingine.

Ya pili ni vyuo vya sekta. Anayetaka mitambo ya bandarini, zile folklifti na kreni za makontena, Chuo cha Bandari pale Temeke ndiko kwenyewe, kwani kimezaliwa na bandari na kinafundisha kazi za bandari. Morogoro kuna Chuo cha Ujenzi, ambacho sasa kiko ndani ya Taasisi ya Teknolojia ya Ujenzi, ICoT, na mizizi yake ni kwenye kazi za barabara. NIT, chuo cha usafirishaji, ni jirani zetu kabisa sisi wa hosteli za Mabibo. Tunapita pale kila siku na sijui wangapi tumewahi kuingia getini kuuliza wanafundisha kozi gani za udereva na mitambo. Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa mwaka wa tatu.

Hapa niseme jambo la leseni maana linachanganya watu. Cheti cha chuo si leseni. Leseni za udereva nchini zina madaraja, na yule mwenye daraja D la gari dogo hana ruhusa ya kuutoa mtambo barabarani kwa sababu tu amehitimu kozi. Migodini wanaongeza lao: hata ukija na leseni na vyeti, wanakupima tena na kukuidhinisha kwa mtambo mmoja mmoja, aina kwa aina. Akina dada msiruke aya hii. Mitambo ya siku hizi inasukumwa na oili wala haihitaji misuli, na kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa wapo wanawake wanaoendesha malori ambayo tairi lake peke yake linamzidi mtu urefu.

Njia ya tatu ni uanagenzi, na nikiri kwamba hii ndiyo naipenda kuliko zote. Mwanagenzi anakaa chuoni kwa kipindi, kazini kwa kipindi, anarudi chuoni na maswali aliyoyaokota kazini. VETA Moshi iliwahi kufanya hivyo na kampuni za madini kupitia programu iliyojulikana kama IMTT, hasa kwa mafundi wa kutengeneza mitambo na umeme wa migodini. Serikali nayo, kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi ambayo imekuwa ikiendeshwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imekuwa ikitangaza nafasi za uanagenzi ambazo mafunzo yake yanalipiwa. Fani hubadilika kila tangazo, kwa hiyo anayetaka lazima afuatilie matangazo. Na mdogo wako kijijini hafuatilii tangazo lililowekwa mtandaoni kwa siku kumi na nne. Wewe ndiye mwenye bando.

Halafu ipo njia ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote na haina jina kwenye prospekta: kuanza kama kijana wa grisi. Unaosha mtambo, unapiga grisi, unalinda dizeli, unamletea opereta chai. Akikuamini anakuachia uusogeze jioni, kisha uchimbe kidogo pasipo na watu. Maopereta wengi wazuri wa nchi hii wamepita humo. Ubaya wake ni kwamba unarithi makosa ya mwalimu wako yote. Kama yeye hafungi mkanda, na wewe hutafunga. Tena miaka inapita na huna karatasi, na siku kampuni kubwa inakuja na masharti ya usalama, unaachwa getini ukiwa na ujuzi wako mikononi.

Kwa huyo ndiyo kuna urasimishaji wa ujuzi. VETA humpima mtu aliyejifunzia nje ya mfumo rasmi: anahojiwa, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya wapimaji, akionekana ana mapengo anafundishwa hayo mapengo tu, kisha anatunukiwa cheti cha ngazi anayoistahili. Huanzi darasani kama mtoto. Kwa mtu wa elimu, hili ni jambo zuri kuliko nusu ya nadharia nilizosoma, na ajabu ni kwamba katika kozi zangu zote sijawahi kulisikia likitajwa hata mara moja.

Niingize jambo moja la pembeni linalotuhusu sisi wenyewe. Mafundi wa kijiko ule mkono mkubwa wanauita bumu. Nililiposikia nilicheka, nikamwambia dogo sisi bumu letu linaingia benki. Baadaye nikasoma habari za SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi wanayolipa waajiri, ambayo mwezi Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Jina lake linasema ufundi stadi. Lakini kwa miaka mingi ni theluthi moja tu iliyokuwa inakwenda VETA, na zilizobaki ziliingia Hazina, mikopo ya elimu ya juu ikiwa miongoni mwa matumizi yake. Kwa maneno mengine, sehemu ya fedha iliyokatwa kwa jina la kijana wa kijiko imetusomesha sisi. Sisemi turudishe bumu, jamani, nami nalisubiri kama ninyi. Nasema tu kwamba tukiulizwa swali na kijana huyo, jibu la sekunde thelathini ni dogo mno.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza habari za chuo cha mitambo, simtajii jina la chuo. Namwambia aende mwenyewe, asimame getini siku ya mazoezi, ahesabu mitambo inayowaka na vichwa vilivyo kwenye foleni. Aulize injini inawaka saa ngapi kwa siku, agawe kama nilivyogawa mimi. Saa zake zikitoka chini ya kumi, ajue ananunua muhuri. Hiyo kumi ni yangu mwenyewe, sikuitoa kwenye kanuni yoyote, na opereta mmoja niliyemwambia alinicheka akasema hata kumi ni ndogo mno. Aulize pia kama chuo kimesajiliwa, na jibu akalihakikishe NACTVET, asiridhike na fremu iliyotundikwa ukutani. Awatafute wahitimu wawili wa mwaka jana, si wale ambao chuo kimemtajia. Na amuulize mwalimu: siku ya kwanza tunafanya nini? Mwalimu akisema tunawasha, hapo kuna walakini. Akisema tunauzunguka mtambo, hapo mtu anaweza kuanza kuzungumza habari ya ada.

Kuhusu kazi ya kutafutiwa baada ya kuhitimu, waombe waiandike kwenye stakabadhi. Utaona sura zinavyobadilika.

Mdogo wangu hakurudi nyumbani siku ile. Fomeni alimuuliza kama yuko tayari kupiga grisi, akasema yuko tayari, akapewa ovaroli iliyompwaya. Nilimpigia nikamwomba radhi kwa lile jibu langu, akasema, "Dada usijali, ila mama usimwambie kwamba napiga grisi, mwambie niko kwenye mitambo." Nilimwambia mama hivyo hivyo, na haikuwa uongo.

Nilimtumia daftari dogo nikamwelekeza ajaze kila jioni: tarehe, mtambo gani, aina ya leva, udongo gani, amekaa kwenye kiti muda gani, amekosea nini, na opereta wake aweke sahihi. Ni lile daftari la kumbukumbu tunalojaza BTP, nimebadilisha vichwa vya safu tu. Wapimaji wa ujuzi wakimwita siku moja, atakuwa na cha kuwaonyesha zaidi ya ule muhuri wa dhahabu.

Jumapili iliyopita alinipigia picha ukurasa wa mwisho. Saa 41 na nusu. Kwenye safu ya makosa ameandika, "Nimesahau kupiga honi kabla ya kurudi nyuma. Mzee amenishusha siku nzima." Sahihi ya mzee ipo pembeni, na chini yake mzee ameongeza kwa mkono wake: kesho apande tena.